Mama alikuwa ananisimulia, mimi naitikia tu "eeh"

Shikamoo Anti.

Safu hii naisoma siku nyingi na sikuwahi kufikiri nitaandika. Barua yenyewe nimeiandika mara tatu nikaifuta. Naomba jina langu lisitajwe, maana huku Mtwara tunajuana.

Nina miaka 38. Naishi Chikongola na mume wangu na watoto wawili, wa kiume ana miaka 13 na wa kike 8. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia hapa kwenda Dar es Salaam, wiki moja yupo, mbili hayupo. Mimi nauza korosho. Sina duka, duka langu ni simu. Kuna kina mama watatu wanaonibangulia kwa mkono. Nachukua kwao, nachambua nzima na vipande, nakaanga, nafunga vifuko vya robo na nusu kilo, napiga picha, naweka WhatsApp. Wateja wengi wako Dar na Dodoma. Mtu akituma pesa, mzigo unaondoka na basi la asubuhi. Nilianza na kilo tano, miaka sita iliyopita. Sasa msimu ukikolea namaliza kilo hamsini, sitini kwa wiki. Ada ya mtoto mkubwa nalipa mimi, na kodi ya nyumba tunachangia. Sijisifu, Anti. Nataka uelewe kwamba simu kwangu ni jembe.

Mama alihamia kwangu mwaka jana kutoka Newala. Presha ilikuwa inamsumbua, nikataka awe karibu na hospitali. Tukakaa naye miezi saba. Mama yangu alikuwa mtu wa kusimulia. Kila siku baada ya alasiri alitandika mkeka barazani, binti yangu pembeni yake, mimi kwenye kigoda na simu mkononi. Nilijiambia kwamba niko naye, si nimekaa hapo?

Jioni moja mwezi wa sita jirani alituletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Mama aliipenda sana, lakini meno yalikuwa yamemwishia, kwa hiyo binti yangu alikuwa anammenyea moja moja. Mama akaanza kusimulia. Nakumbuka alianzia utotoni kwake, walivyokuwa wakishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Kisha akafika kwenye mikorosho ya bibi yake, upande ule wa shamba unaotazama Ruvuma. Hapo akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo alikuwa halitumii siku hizi. Akasema, "Hili ulishike."

Siku hiyo nilikuwa na mteja wa Dodoma, anataka kilo ishirini za harusi, tunavutana bei. Nikasema, "Eeh, mama." Akaendelea. Nikasema tena, "Eeh." Akamaliza, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia.

Siku ya kumi na moja presha ikapanda usiku. Alfajiri haikumkuta. Tulimzika Newala.

Anti, alichoniambia sikijui. Usiku nafumba macho naitafuta ile jioni. Naiona ming'oko kwenye sinia, naiona khanga yake, nasikia "hili ulishike", halafu kinakuja kioo cha simu na yule mteja anaandika, "Dada punguza kidogo basi, jumla ni jumla." Maneno ya mteja ninayo neno kwa neno.

Sasa mjomba ametuita kikao Desemba. Sisi Wamakonde, kama unavyojua, mambo ya ukoo yanakwenda upande wa mama, na mjomba anataka kujua kama dada yake aliacha neno lolote juu ya mikorosho ile. Dada yangu aliyeko Newala anasema yeye hakuambiwa kitu, bila shaka nimeambiwa mimi niliyeishi naye. Nimewajibu sijui. Naona hawaniamini.

Hilo moja. Jingine ni binti yangu. Kama wiki tatu hivi nimegundua kwamba kila akija kuniambia jambo anaanza, "Mama, dakika moja tu." Anasema mbio mbio kama mtu anayewahi basi, na akimaliza anaondoka bila kusubiri jibu. Sikumfundisha hivyo. Au nimemfundisha.

Nilijaribu kubadilika. Ijumaa moja nikafungia simu kabatini tangu asubuhi, nikasema leo nipo na wanangu. Mchana ulikwenda vizuri. Ilipofika alasiri, tumekaa barazani, moyo ukaanza kwenda mbio, mikono haitulii. Nikaingia ndani kama natafuta kitu, nikajikuta nimesimama na ufagio nalia. Nikafungua kabati, nikatoa simu, na papo hapo nikatulia. Kutulia kule ndiko kulikonitisha. Hata kwenye swala siku hizi, rakaa ya pili najikuta nahesabu vifuko.

Mume wangu anasema nifunge biashara, simu imenichukua, mzigo atabeba yeye. Dada anasema nihamie Newala na watoto, nikae nyumba ya mama, niishi taratibu, watoto wahame shule Januari. Mimi siku nyingine natamani kwenda Shangani niitupe simu baharini. Siku nyingine nawaza ada, na wale kina mama watatu. Ninachotaka ni kuishi nikiwa nipo. Nimechoka kuitikia "eeh". Nifanye nini?

Mama Korosho, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama, Mungu amrehemu.

Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote kifo cha mama kimepata mistari miwili tu. Mteja wa Dodoma amepata zaidi, vifuko vya korosho vimepata zaidi. Nimeisoma mara nne na kila mara nimesimama hapo hapo, kwenye "Tulimzika Newala", kwa sababu baada ya hapo ulikimbia kwenda kwenye mambo mengine. Sikulaumu. Nakuonyesha tu nilichokiona, na tutakirudia.

Umeniuliza swali moja, lakini mimi nimekuta matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja. Kuna neno la mama usilolikumbuka na kikao kinachokuja. Kuna binti anayekuomba dakika moja. Kuna kazi yako, ambayo watu wawili wanaokupenda wanataka uiache. Yote matatu umeyabebesha simu. Ingekuwa hivyo kweli, dawa ingekuwa rahisi na ungekuwa umeshaipata Ijumaa ile, kabati likiwa limefungwa.

Nikuulize, una hakika gani kwamba bila simu ungesikia?

Siulizi kukuondolea hatia. Mimi nimelea watoto wanne kabla ya hizi simujanja, na wanangu watakuambia niliitikia "eeh" nyingi nikichambua mchele, kichwani nikiwaza mchezo wa kutoa na zamu yangu inaangukia lini. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 2,250, wengi wao Wamarekani. Waliwashtua kupitia simu zao saa yoyote na kuwauliza: sasa hivi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu nusu ya mara hizo, asilimia 46.9, mawazo yalikuwa mahali pengine. Na jambo lililonigusa zaidi ni kwamba hata wale waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuliko waliotulia kwenye kile walichokuwa wakifanya. Kwa hiyo unachokitamani ni kitu cha kweli, si ndoto ya mtu aliyechoka. Lakini akili ya binadamu ilikuwa mtoro kabla ya WhatsApp. Ukitupa simu Shangani, utoro utarudi nao Chikongola.

Sasa turudi Ijumaa. Asubuhi ulikuwa sawa. Mchana "ulikwenda vizuri", umesema mwenyewe. Moyo ulianza kwenda mbio saa ngapi? Alasiri. Wapi? Barazani. Mwanangu, ile ilikuwa saa ya mama na mahali pa mama. Uliketi pale pale, mtoto yule yule pembeni, simu haipo ya kukuficha, na mkeka mtupu. Ungeachaje kulia? Wewe umesoma tukio lile kama dalili kwamba umekuwa mtumwa wa simu. Inawezekana kuna ukweli humo. Mimi nililisoma kwa namna nyingine pia: tangu mwezi wa sita simu imekuwa ikikukinga. Wateja wakiandika, mama hajafa. Wakinyamaza, amekufa. Ndiyo maana ulipoishika ukatulia.

Hukuniambia baada ya mazishi ulikaa siku ngapi kabla ya kuweka picha za korosho tena. Nadhani zilikuwa chache. Nadhani pia michango na safari ya kumpeleka mama Newala uliipanga wewe, kwa simu hiyo hiyo. Kama nimekosea unisamehe. Kama nimepatia, basi hujawahi kukaa matanga yako mwenyewe, umeyasimamia tu. Dini imetupa siku tatu za kuacha shughuli kwa msiba usio wa mume, na baadaye maisha yanaendelea. Lakini machozi hayakupewa siku tatu. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alilia mbele za watu alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kulia na ufagio mkononi si kasoro katika zoezi lako la kuwepo. Naogopa kwamba siku ile ndiyo ulikuwepo kweli, ukadhani umeshindwa.

Neno la mama. Hapa niseme jambo gumu, na nitalisema taratibu. Sidhani kwamba limo kichwani mwako limejificha, linangoja usiku ulitafute vizuri zaidi. Kumbukumbu haikai kama nguo kwenye sanduku. Sikio likisikia bila akili kupokea, mara nyingi hakuna kinachowekwa. Akili yako ilikuwa Dodoma, ndiyo maana ya Dodoma unayo yote. Ukiendelea kuchimba kila usiku, hatari ni kwamba siku moja utapata kitu, na kitakuwa umekitengeneza mwenyewe kwa kukitamani. Utakipeleka kwenye kikao kwa moyo safi kabisa, na kitagawa mikorosho.

Tena umeamini kwamba alilokuwa analisema lilikuwa la shamba, kwa sababu mjomba anauliza habari za shamba. Soma ulivyoandika. Alitoka kwenye maji ya bondeni, akafika kwa bibi yake, kisha akakuita kwa jina la utotoni. Mtu anayegawa mali anaweza kusema hivyo. Mtu anayempa mwanawe hadithi ya ukoo anaweza kusema hivyo pia. Au dua, au deni dogo la kulipia, au kule alikotaka kuzikwa. Hujui, nami sijui. Lakini hapa hadi Desemba usikubali swali la mjomba liandike jibu la mama.

Kikaoni una njia mbili na zote zinauma. Unaweza kubaki na "sijui". Ni kweli, lakini umeshaona inavyosikika: kama mtu aliyeficha. Au unaweza kusema yote, kwamba mama alianza kuniambia, alisema nilishike, na mimi nilikuwa na simu, sikusikiliza. Aibu yake nakubali ni kubwa, na mbele ya wazee ni kubwa mara mbili. Huenda dada akakasirika kweli kweli. Huenda mtu akaona pengo hilo akalijaza kwa maneno yake. Ningekuwa wewe, kabla ya kuamua, ningefikiria kumpigia dada kwanza, peke yake, usiku watoto wamelala, nimwambie lile la "Umesikia?" Yeye naye amefiwa na mama. Naye anadhani mama alikupendelea wewe kwa kukuachia neno, na hilo linamchoma kimya kimya, ninavyolisikia mimi. Akijua kwamba hukupewa zaidi yake, au ulipewa ukapoteza, mazungumzo yenu yanaweza kuwa mengine kabisa. Yanaweza pia kuwa mabaya kwa muda. Wewe unamjua dada yako, mimi simjui.

Tuje kwenye njia tatu za maisha.

Mume wako anataka ufunge biashara. Nasikia mapenzi ndani yake, mwanamume anayesema "mzigo nitaubeba" si wa kubezwa. Lakini lori halina msimu wa kueleweka, na wewe una mkono wako mwenyewe uliouanza na kilo tano. Kuna na wale kina mama watatu, mikono imechunwa na mafuta ya maganda ya korosho, ambao wiki yao inategemea wewe umepata oda au hukupata. Muulize mume wako jambo moja, bila ugomvi: akiwa nyumbani ile wiki yake moja, ni nini hasa anachokikosa kwako? Pengine si biashara ifungwe. Pengine ni chakula cha usiku bila simu mezani, na hajajua kukisema hivyo.

Dada anasema Newala. Naipenda Newala, ule upepo wa juu jioni, na ukisimama Shimo la Mungu ukaliona bonde lote la Ruvuma chini yako, kifua kinafunguka chenyewe. Na kaburi la mama liko huko, jambo ambalo si dogo. Lakini sasa ni msimu. Huko watu hawaishi taratibu sasa hivi, wanaokota korosho tangu alfajiri, wanakausha, wanapeleka ghalani, wanasubiri mnada. Umemuuliza dada kama anakuita upumzike au anakuita msaidiane? Yote mawili ni halali, ila ujue unaitikia lipi. Na kama nilivyosema juu ya baraza lako hapo Chikongola: nyumba ya mama itakuwa na kimya kuliko hiki kilichokutoa machozi. Inaweza kukuponya. Inaweza kukulemea, ukiwa na watoto wawili katika shule mpya na mume yuko mbali zaidi. Labda pana mahali pa katikati, wiki mbili za likizo ya Desemba, wakati wa kikao, bila kuhamisha mtoto shule. Ukiwa huko utajua zaidi ya tunavyoweza kukisia kwenye karatasi.

Ya tatu hukuiandika: kubaki ulipo na kuipa simu mipaka. Sikuipi kama jawabu, ila naona uliiruka haraka kwa sababu Ijumaa ile ilikutisha. Mimi ni mtu wa Mikindani. Nikiwa mdogo nilifuatana na bibi yangu kuchokoa pweza wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa mpaka mwamba unabaki wazi. Njiani kina mama walipiga soga, wanacheka, wanagombana habari za mikopo ya khanga. Wakikanyaga mwamba, kimya. Bibi alinifundisha kwamba pweza humuoni, unaona mlango wake: magamba ya chaza na vijiwe vimerundikwa penye tundu, kwa mpango, si kama bahari inavyovimwaga. Ukipita unawaza mambo ya nyumbani unalikanyaga tundu na hulioni. Saa mbili, tatu, macho chini. Kisha maji yanaanza kujaa na wote wanarudi pwani, na soga inaendelea ilipoishia.

Nakumbuka hilo kwa sababu wewe umejiwekea Ijumaa nzima. Bibi yangu hakuweza siku nzima. Hakuna anayeweza, na anayejilazimisha huishia kuliona kabati la simu kama jela. Wanawake wale walikuwa na saa zao, na bahari ndiyo iliyowapangia. Wewe ni Mwislamu, siku yako imeshakatwa vipande vitano, huhitaji mtu wa kukuchorea ratiba. Tuseme kipande kimoja tu, kutoka magharibi hadi isha. WhatsApp ya biashara inaweza kujibu yenyewe kwamba umepokea ujumbe na utajibu saa fulani. Utapoteza wateja wachache, nakuambia mapema, hasa wale wa "niko dukani kwa mwingine, nijibu sasa". Msimu huu hasara hiyo unaimudu? Piga hesabu kwa kalamu, si kwa hofu. Na kama kipande hicho ndicho chenye oda nyingi, chagua kingine. Ila nakuomba, kwa kuanzia, kisiwe alasiri. Alasiri ni ya mama, utaifikia polepole.

Na jambo dogo juu ya swala, maana ulilitaja kwa haya. Kila swala unaianza kwa nia. Mara ngapi umeishika simu kwa nia? Mkono unakwenda tu. Jaribu siku moja kabla hujafungua ujiambie kimoyomoyo, "Nafungua kumjibu mtu wa Dar habari ya mzigo." Ukimaliza, funga. Mara kumi utasahau, mara moja utakumbuka. Vifuko kwenye rakaa ya pili visikuvunje moyo, kurudi kila unapogundua umetoka ndiyo kazi yenyewe ya khushuu, ule utulivu wa moyo ndani ya swala, kwa sisi tulio wengi.

Kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa mfululizo, chakula hakipiti, au unajisikia hutaki kuamka, hapo usitegemee safu ya gazeti. Nenda hospitali ueleze kama unavyoeleza presha. Huzuni ya msiba nayo ina watu waliosomea kuisikiliza.

Binti yako nimemuacha awe wa mwisho kwa makusudi. Soma tena barua yako. Jioni ile mlikuwa watatu barazani. Wewe ulikuwa Dodoma. Mama alikuwa anasimulia. Nani alikuwa anamenya ming'oko, mikono inashughulika na masikio hayana kazi nyingine?

Niliposoma hapo nilisita, na bado nasita, kwa sababu naona hatari yake. Ana miaka minane. Imepita miezi. Mtoto anayeomba dakika moja anaweza kutoa chochote ili umtazame, akiona macho yako yamewaka atakuongezea maneno ambayo bibi hakuyasema, si kwa uongo, kwa kukupenda. Asiende kwenye kikao. Asijue kwamba kuna mikorosho inayongoja jibu lake. Na usimuulize kama hutaweza kuvumilia akisema "sikumbuki", au akakumbuka tu kwamba bibi alimwambia amenye vizuri, nyuzi zinakera ufizi.

Lakini yeye naye alimpoteza bibi aliyekaa naye kila alasiri, na sijaona mahali ulipoandika kwamba mmewahi kuzungumza juu yake. Ukiiona ming'oko inauzwa, nunua fungu. Simu iwe chumba kingine. Mpe amenye, muulize bibi alipenda kusimulia nini, yoyote, ya bondeni, ya fisi, ya maji. Atakuambia, "Dakika moja tu, mama." Mwambie una muda mpaka isha.

Kisha niandikie.